Wiki nzima nasubiri meseji ya mke wa mtu

Saa tano usiku simu ikatetemeka pale kwenye stuli, na kabla sijanyoosha mkono mwenzangu akawa keshaidaka. Kwenye kioo kuna jina la mwanamke. Sasa mke wangu akikasirika kawaida anapiga kelele, hiyo haina shida, nimeshazoea, tatizo ni pale akinyamaza, na hapo alinyamaza kabisa, akaniwekea simu kifuani kama analaza mtoto, akasema taratibu, "Haya baba. Nuru ndo nani?"

Hebu jaribu kujieleza saa tano usiku kwamba hiyo ni gemu.

"Gemu ya kuchati na mwanamke?" Ndiyo. "Na wewe humo kwenye gemu ni nani?" Mume wake. Yaani kila nikisema ukweli ndo nazidi kuzama, mpaka ikabidi niwashe taa, nikae kitako kitandani, nimfungulie tangu juu kabisa nimwoneshe, ona, huyu sio mtu, huyu kaandikwa na Wafaransa.

Basi nyumba nzima ikaingia kwenye hii kitu, na ndo maana nimekaa kuandika, kwa sababu katika watu watano tulioicheza au kuiangalia kwa karibu hakuna wawili waliokubaliana, na mimi mwenyewe nimebadilisha msimamo kama mara tatu hivi. Kuna sehemu nitagusia jinsi mambo yanavyoisha, kwa hiyo kama hupendi kuharibiwa utamu ishia hapa uende kaicheze kwanza, bei yake ni chini ya dola 5 kwenye simu na haihitaji simu ya bei mbaya.

Inaitwa Bury Me, My Love. Sio mpya, ilitoka Oktoba 2017 kwa simu, afu mwanzoni mwa 2019 ikaja kwenye kompyuta na Nintendo Switch. Waliotengeneza ni studio ndogo ya Paris, The Pixel Hunt, wakishirikiana na kampuni ya Figs na televisheni ya ARTE, na bosi wa Pixel Hunt, Florent Maurin, alikuwa mwandishi wa habari kabla hajageukia magemu, kitu ambacho ukicheza unakiona tu. Wazo lenyewe lilitoka kwenye makala ya gazeti la Le Monde ya mwaka 2015, iliyosimulia safari ya binti mmoja wa Kisyria kwa kutumia chati zake za WhatsApp na ndugu zake, na huyo binti akaja kuwa mshauri wao wakati wa kuandika gemu. Baadaye ikateuliwa kwenye tuzo za The Game Awards 2017 kwenye kile kipengele cha gemu zenye ujumbe wa kijamii, na tuzo za BAFTA za Uingereza mwaka uliofuata. Haikushinda, kote kote gemu ya Hellblade ndo ilibeba, na sawa, sina ugomvi na Hellblade.

Stori ni hivi. Wewe ni Majd, uko Homs, mji ambao vita iliutafuna tangu 2011. Mkeo Nour anaondoka kwenda Ulaya. Wewe unabaki kwa sababu mama yako yupo na babu yako yupo, na wazee hawabebeki kwenye safari ya namna ile. Kuanzia hapo huoni kingine chochote zaidi ya chati na ramani. Humwendeshi Nour kwa kidole, humchagulii nguo, humrushi ukuta. Yeye anaandika, unasoma, Majd anajibu, na kila baada ya muda unapewa majibu mawili uchague moja, saa nyingine maneno, saa nyingine emoji tu, saa nyingine picha ya kumtumia. Kuna miisho 19 na sehemu kama 50 ambazo anaweza kupita, ila kwa raundi moja utaziona chache.

Afu kuna suala la muda. Nour akikwambia anapanda basi, basi kapanda, anapotea. Hayupo hewani. Utaendelea na shughuli zako, utapika, utaenda kazini, na akirudi simu inakushtua. Kuna modi ya haraka kwa wasio na subira, na huo ndo ugomvi wa kwanza nitakaoueleza, lakini kabla sijafika huko niseme kitu kuhusu jina.

Bury Me, My Love ni tafsiri ya msemo wa Kiarabu cha huko Syria. Juu juu maana yake ni unizike, ndani yake maana yake ni usithubutu kufa kabla yangu, utunze roho yako. Nimeona Wazungu wanaelezewa hilo kwa aya nzima na bado wanaona ni maneno ya kutisha. Mimi lilinipita kama maji, maana kwanza neno kaburi lenyewe tumelitoa huko huko kwa Waarabu, halafu bibi mzaa mama kila tulipokuwa tunamuaga kurudi mjini alikuwa anatushika mikono anasema "nendeni salama, ndo mtakaonizika nyie", na tukaitikia amina bibi, tukapanda zetu basi, hakuna aliyeshtuka. Ni baraka ile. Mke wangu naye hajawahi hata siku moja kutamka Nour. Ni Nuru tangu usiku ule, na kiukweli ndo jina lake, Nour na nuru ni kitu kimoja.

Haya, ugomvi.

Dogo langu ni mtu wa mpira na kupigana, gemu kwake lazima vidole viume. Nikamwekea kwenye simu yake, akaiweka modi ya haraka, akaimaliza kwenye daladala kutoka Mbezi mpaka Posta (foleni ya Kimara, mnaijua), akanipigia simu kabisa, hakutuma hata meseji. "Bro hii sio gemu, hii ni kusoma. Unabonyeza tu." Akarudia raundi ya pili akichagua majibu tofauti kwa makusudi, akajikuta Nour anapita karibu njia ile ile siku zote za mwanzo, akakata shauri kwamba machaguo ni geresha, umepewa usukani ambao haujaunganishwa na tairi.

Huo msemo wake wa usukani niliupenda na nilikaa nao siku mbili. Kwa sababu kuna ukweli. Kuna sehemu nyingi kwenye hii gemu ambapo ukichagua jibu la kwanza au la pili Nour anafanya kile alichokuwa anafanya. Unamshauri apite kushoto, anakushukuru, anapita kulia. Kwa mtu aliyelelewa na gemu za studio ya Telltale, ambapo ukimjibu mtu vibaya tu maandishi yanatokea juu kukwambia fulani hatasahau hili, kimya cha hii gemu kinakera. Haikwambii kitu. Ila chini chini inahesabu. Inahesabu hela alizobaki nazo Nour, inahesabu moyo wake uko wapi, inahesabu nyie wawili mko sawa kiasi gani, na vitu alivyobeba, halafu siku tano mbele, mahali ambapo huna habari, hiyo hesabu ndo inaamua. Kwa hiyo usukani umeunganishwa bwana, sema gari lenyewe linachelewa kukata kona, na wakati linakata wewe ushasahau uliuzungusha lini.

Na hapa ndo dogo na mimi hatuelewani mpaka leo. Yeye anasema kama sioni matokeo ya nilichochagua basi sijachagua. Mimi nasema, kwani maishani unaonaga? Anasema maishani sio gemu. Nikakosa jibu.

Ila modi ya haraka nampinga kabisa, hapo sitasogea. Aliyecheza haraka kacheza kitu kingine. Mimi raundi yangu ya kwanza nilicheza kwa muda wenyewe, na nitakueleza siku moja tu ujue ninachomaanisha. Nour kafika pwani ya Uturuki. Kashaongea na mtu wa boti. Nimepewa majibu mawili, moja la utani na moja la kukiri kwamba naogopa (siyaandiki yalivyo nisiwaharibie), nikachagua la utani, kwa sababu niliona nikimwonyesha woga ndo nitamvunja nguvu. Akajibu vizuri tu. Akapotea. Hiyo ilikuwa asubuhi, naingia kazini. Mpaka saa sita mchana hamna kitu. Naifungua, naifunga. Nikaanza kupandisha chati juu kusoma tulichoandikiana, nasoma ule utani wangu, na kila nikiusoma unazidi kuwa wa kijinga, yaani mtu anaenda kupanda mpira wa kujazwa upepo na watu arobaini wewe unamtania. Jioni narudi nyumbani umeme hamna, simu ina asilimia tisa, nikawa nimeweka mwanga chini kabisa, nimefunga kila kitu, bando nimezima, nabakiza chaji kwa ajili ya mtu ambaye hayupo duniani. Mke wangu ananiangalia. Kipindi hicho hata yeye alikuwa keshaacha wivu, akaniuliza tu, "Hajasema kitu?"

Hajasema. Alirudi kesho yake mchana.

Hiyo huipati kwa kubonyeza bonyeza. Kuna gemu nyingine ya simu, Lifeline, ya 2015, nayo inatumia ujanja huu huu wa kukusubirisha, unachati na Taylor, mtu aliyekwama kwenye mwezi fulani huko baada ya chombo kuanguka. Nzuri, niliipenda. Lakini Taylor anakusikiliza karibu kila unachomwambia na Taylor hana mama yako nyumbani. Nikimsahau Taylor nusu siku silali na dhambi.

Sasa kuna jamaa wa kazini, huyu ni msomaji sana, tena mtu wa maadili kwelikweli. Nilipomwonesha hakutaka hata kuishika simu. Hoja yake ni nzito: watu wamezama kweli, wewe unakaa na chai unawacheza. Ukikosea unaanza upya. Wao walianza upya? Akasema kama ni kujifunza si usome makala.

Nilimjibu vibaya siku ile, nikaanza kumtajia tuzo, tuzo zinahusiana nini. Leo ningemjibu hivi. Makala nilishasoma. Mwaka 2015 peke yake zaidi ya watu 850,000 walivuka bahari kuingia Ugiriki, namba hiyo nilikuwa naijua kabla sijaijua hii gemu na haikuwahi kuninyima usingizi hata usiku mmoja. Ukisoma makala hakuna mahali inakuuliza, haya, kakuandikia, unamjibu nini? Unasoma, unasikitika, unafungua kingine. Hii inakusimamisha pale pale kwenye kujibu.

Na kitu kingine ambacho jamaa angekipenda kama angeishika simu ni kwamba hii gemu haikudanganyi kuwa kuna njia sahihi. Nimeona wachezaji wanalalamika, nimefanya kila kitu sawa na bado mwisho mbaya, gemu haina haki. Jamani. Hungaria ilimaliza uzio wake mpakani na Serbia Septemba 2015. Machi 2016 njia ya Balkani, ile ya kutoka Ugiriki kupanda kaskazini, ikafungwa, na mwezi huo huo Umoja wa Ulaya ukakubaliana na Uturuki kwamba watakaovuka kwa boti warudishwe. Mtu aliyeondoka Agosti na mtu aliyeondoka Februari wanaweza kuwa na akili sawa, hela sawa, mguu sawa, mmoja yuko Ujerumani anasoma lugha na mwingine kakwama kwenye matope Ugiriki. Januari 2016 polisi wa Uturuki walikamata karakana Izmir ikiwa na zaidi ya laifu jaketi 1,000 feki, zimejazwa vitu vinavyonyonya maji badala ya kuelea. Sasa hapo mtu alichagua vizuri, alinunua laifu jaketi, alifanya kile ambacho mshauri yeyote mwenye akili angemwambia. Chaguo zuri likamvuta chini. Sasa gemu ingempa mtu wa hivyo mwisho mzuri kwa kuwa kabonyeza vizuri, hapo ndo ningesema wanacheza na vifo vya watu.

Nour wangu wa kwanza alikwama Ugiriki. Hakufa, hakufika. Gemu ikaisha tu pale, na mimi nikakaa na simu nikingoja labda kuna meseji nyingine.

Kama una hamu ya kuona upande wa pili wa dirisha, cheza Papers, Please ya Lucas Pope, ya 2013, kwenye simu ilikuja 2022. Kule wewe ndo afisa wa mpakani, una mhuri wa kijani na mhuri mwekundu, foleni haiishi, una familia ya kulisha, na mama wa watu anakuja karatasi moja imepungua anakuomba umpitishe. Miisho 20 na yote inauma. Mimi nilizicheza kwa mpangilio mbaya, hii ya afisa kwanza, miaka kadhaa nyuma, na nilikuwa afisa mkali sana, nilijisifia kabisa kwamba sikosei. Kumfuata Nour baada ya kuwa yule afisa, aisee.

Lawama zangu sasa, maana sio kwamba naisifia tu. Huwezi kurudi nyuma. Ukitaka kuona mwisho mwingine unaanzia Homs tena, tangu kuagana, na zile siku za mwanzo maneno ni yale yale, kwa hiyo raundi ya tatu unajikuta unabonyeza bila kusoma, yaani unamfanyia Nour kile kile ulichoapa hutamfanyia. Miisho 19 ni namba ya kuandika kwenye tangazo, sijui nani mwenye moyo wa kuitafuta yote. Mimi niliishia minne. Halafu Majd ana utani mwingi, kuna mahali hata ukichagua jibu zito yeye anaongezea kimzaha chake mwenyewe, unataka umpige kofi. Mke wangu hamvumilii kabisa, "huyu mwanaume anataniatania nini, mwenzie ana njaa." Na Kiswahili hamna, nilicheza ya Kiingereza, kwa hiyo kwa yeye nilikuwa natafsiri kila siku jioni kama taarifa ya habari.

Na ni yeye, kwenye kutafsiriwa huko, aliyesema kitu ambacho sijakiona kwa mchezaji mwingine yeyote. Tulikuwa tumefika sehemu Nour anauliza tena ashike njia gani. Akanikatiza. "Mbona anamuuliza huyu kila kitu? Huyu si yuko nyumbani? Aliyeko barabarani si ndo anaona?" Nikaanza kumwelezea kwamba ndo gemu ilivyo, lazima mchezaji apate cha kufanya. Akasema hapana, sio gemu, watu ndo walivyo. "Sisi na dada si hivi hivi?"

Dada anayemsema ni binti wa mama yangu mdogo. Alienda Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani, kuna wakala alipita mtaani, wiki mbili tu pasipoti tayari, tiketi tayari, mkataba wa miaka miwili kwa Kiarabu ambao hakuna mtu pale nyumbani aliyeweza kuusoma, nasi tulioenda madrasa tunasoma Kiarabu bila kukielewa. Mwezi wa kwanza picha za maduka makubwa. Mwezi wa pili simu akaachiwa Ijumaa tu, baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa kipindi hicho hicho ilipotoka hii gemu, na Novemba 2017 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch wakatoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania Oman na Emirates, pasipoti kushikiliwa, simu kunyang'anywa, kulala masaa machache, kila kitu alichokuwa anatuambia yeye kwa kunong'ona.

Ijumaa saa nane mchana tulikuwa tunakusanyika kwa mama mdogo. Kochi lile la maua, simu katikati ya meza juu ya kitambaa. Mimi ndo nilikuwa mwandishi, kwa sababu naandika haraka na herufi sikosei, wazee wanasema mimi naandika. Anauliza nifanyeje, huyu bosi kaongeza nyumba ya pili ya kufanya usafi. Nazunguka kuwaangalia. Baba mdogo anasema mwambie avumilie. Mama mdogo anasema mwambie mwanangu vumilia, mkataba utaisha. Mimi naandika vumilia, naweka emoji ya mikono ya dua, natuma. Tiki mbili. Zikawa bluu. Tunasubiri kuona anaandika, anaandika, haji na kitu, halafu hayupo hewani mpaka Ijumaa.

Hakuna siku hata moja tulikaa tukasema labda tumwambie arudi. Hilo jibu halikuwepo kwenye kochi lile. Hela ya kumrudisha haikuwepo pia, kwa hiyo tusingeweza, ndo tulivyokuwa tunajiambia.

Alirudi baada ya mwaka mmoja na miezi minne, yuko mzima, ana genge lake la mbogamboga na nyanya na linamwendea vizuri. Haongelei sana. Juzi Jumapili alikuja kututembelea, mke wangu akamwonesha gemu, akamsimulia yote, Homs, boti, Majd, mimi nimekaa pale natamani wabadilishe mada. Dada akaishika simu, akapandisha chati juu taratibu, akashusha. Kiingereza chake sio kingi lakini umbo la chati halihitaji lugha, unaona tu nani anaandika marefu na nani anajibu mafupi. Akasema, "Huyu angalau kaachiwa simu."

Akaendelea kuiangalia. Mke wangu akamwonesha pale majibu mawili yanapotokea, akamwambia kaka yako anachagua moja kati ya haya, yameshaandikwa tayari. Dada akacheka, kicheko cha kweli kabisa sio cha hasira, akanigeukia. "Ndo wewe huyu. Ulikuwa unajibu haraka mno kaka. Mpaka nikawa nasema haya mbona kama yalikuwa yameshaandikwa hata sijauliza."

Nikasema samahani dada. Akasema ya nini, ilikuwa zamani, leta chai.

Kwa hiyo mkiniuliza sasa hivi kama machaguo ya hii gemu yana maana, sijui nimjibu nini dogo. Yeye anataka usukani ugeuze tairi. Mimi naona gemu imeandikwa na mtu anayejua kwamba aliyebaki nyumbani hana usukani, ana maneno mawili matatu, na mara nyingi ni yale yale. Naipa saba kwa kumi kama gemu, kule kurudia rudia Homs kunaipunguzia, na naiweka kwenye zile gemu tatu ambazo sitazifuta kwenye simu.

Mke wangu kaanza raundi yake mwenyewe tangu ile Jumapili, kwenye simu yake, ananiita tu nimtafsirie afu ananifukuza. Nuru wake yuko Uturuki. Tangu juzi amefika mahali pa majibu mawili na hajabonyeza lolote, simu anaifungua, anayasoma, anaifunga, anaenda kukatakata mchicha. Jana usiku nikamwambia gemu haiwezi kusogea mpaka umjibu, Nuru amesimama pale pale anakusubiri wewe.

Akasema anajua.